Jicho Lililokataa Kufumba

Wanawake wa ng'ambo ya mto, wale wanaolima mpunga upande wa pili wa kivuko cha Ifakara, wanamjua Brigita kwa tabia moja. Ukimpa mtoto mchanga ampakate, hamsifu kwanza wala haulizi amefanana na nani. Humlaza mapajani, kisha kidole chake huenda moja kwa moja nyuma ya sikio. Akikuta ngozi nyororo, hushusha pumzi. Akikuta kovu, humtazama mtoto machoni kwa muda mrefu, mpaka mama mtu aanze kujikunyata. Wapo wanaomcheka. "Mpe Brigita mtoto," husema, "atamkagua kama mnunuzi anayetafuta mawe kwenye gunia la mpunga." Yeye hucheka pamoja nao, lakini kidole hakiachi kwenda.

Tabia hiyo hakuzaliwa nayo. Aliipata masika ya mwaka 1956, alipokuwa na miaka ishirini na mtoto wa pili mgongoni.

Kwao ni Mahenge, juu milimani, katika nyumba ya Mpogoro aliyewakatia masista wa misheni kuni. Kwa ajili ya kuni hizo masista walimsomesha binti yake mpaka darasa la nne. Brigita hakuwa msemaji. Wenzake walipokuwa wakipiga kelele za kugombea nafasi ya mbele, yeye alikaa nyuma akaangalia. Akiulizwa, alijibu kwa maneno machache, na mara nyingi yalikuwa sahihi. Fulgensi, Mndamba aliyepanda Mahenge kuuza samaki wakavu, alimpenda kwa huo utulivu wake, akamposa, akashuka naye bondeni.

Bondeni alijifunza kuishi na maji. Mpunga ukishafika magotini, watu wa huko huhama nyumba zao na kuhamia shambani, kwenye dungu, yaani kibanda cha miguu mirefu kilichosimama juu ya mafuriko, ili wawe karibu na shamba lao mpaka mavuno. Wanaume wengi huenda kwenye kambi za uvuvi. Dunguni hubaki wanawake, watoto na wazee, na kutoka kibanda hadi kibanda ni mtumbwi.

Mtoto wao wa kwanza, Viktor, alifia dunguni. Alikuwa na miezi saba. Homa ilimpanda asubuhi, na jua lilipokuwa katikati ya kichwa degedege likamkamata. Mwili ukakakamaa, macho yakageuka, na Brigita akawa amemshika tu, hana la kufanya. Mama mkwe wake, Bibi Theodosia, ndiye aliyemfumba macho yule mtoto kwa vidole viwili. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tulichelewa kumchanja."

Basi alipozaliwa Scolastica, mwezi wa nne, katika dungu lile lile, hakuna aliyetaka kuchelewa tena.

Katika ukoo wa Fulgensi, mtoto akidondoka kitovu huchanjwa chale nyuma ya masikio, hupakwa dawa nyeusi ya mizizi iliyochomwa, na degedege halimpati. Huanza sikio la kulia. Huacha siku saba dawa iingie, kisha humalizia la kushoto. Theodosia alikuwa amechanja watoto wengi, wake na wa wenzake, wala hapakuwa na mtu aliyemlalamikia. Siku ya tisa ya mtoto, akatoa wembe mpya uliokuwa bado ndani ya karatasi yake, akaketi kwenye mlango wa dungu palipo na mwanga.

"Shika kichwa, Mama Viktor. Kishike kweli, usimwonee huruma."

Brigita akakishika. Chale ya kwanza ilikuwa nyembamba kama unywele. Kwenye ya pili mtoto akajirusha, na wembe ukazama chini ya sikio zaidi ya ilivyotakiwa. Damu ilitoka nyingi. Theodosia akaibana kwa kitambaa, akapaka dawa, ikakata. "Damu nyingi, dawa nyingi," akasema, akaurudisha wembe kwenye karatasi yake.

Siku ya tatu baada ya wembe, Brigita aliona kitu.

Mtoto alikuwa amelala usingizi mzito, kifua kinapanda na kushuka, na jicho lake la kulia lilikuwa wazi. Si wazi kabisa. Kope ilishuka nusu ya njia ikakwama hapo, na chini yake ukaonekana weupe mtupu. La kushoto lilikuwa limefumba vizuri. Alimpulizia kidogo usoni, kwa upole. La kushoto likabana. La kulia halikushtuka.

Hakusema kitu siku ile. Alimnyonyesha akaangalia. Maziwa yalitoka pembeni mwa mdomo, upande wa kulia, yakashuka shingoni. Alimwacha alie kidogo akaangalia. Mdomo ulivutwa wote kwenda kushoto, shavu la kushoto likajikunja, nyusi ya kushoto ikapanda. Upande wa kulia haukukunja hata mstari mmoja. Ungedhani nusu ya mtoto inalia na nusu nyingine inasikiliza.

Kesho yake akachomoa uzi wa sufi kwenye mto wa kulalia, akaugusisha kwenye kope. Kushoto, jicho likafumba kabla uzi haujafika vizuri. Kulia, mboni ilipanda juu ikajificha, lakini kope haikushuka.

"Mama," aliita, "njoo uone."

Theodosia alikuwa akitoa miba ya kambale. Akaja na vidole vyake vyenye utelezi wa samaki, akainama.

"Nimekwisha ona tangu juzi," alisema. "Uso unavutwa kushoto. Nilijua tu. Degedege tumelifungia mlango wa kulia, limehamia kushoto. Ikifika siku ya saba tunalifungia na huko, uso utarudi katikati."

"Lakini Mama, akilia, kushoto ndiko kunakolia. Kulia hakulii."

"Si ndivyo ninavyosema? Kulia kumetulia."

"Kumetulia mno."

"Mtoto akitulia unalalamika, akihangaika unalalamika. Wewe unataka mtoto wa namna gani?"

"Na maziwa yanamtoka upande huo huo."

"Mtoto mchanga asiyetokwa na maziwa ni wa kuchonga kwa mti."

Brigita akanyamaza, lakini hakutoa macho yake kwa mtoto. Theodosia aliuona ule unyamavu, ukamkera kuliko maneno.

"Masista walikufundisha kusoma barua," alisema, "hawakukufundisha kusoma watoto. Mimi nimezaa tisa. Wanne nimewazika, wote kwa kitu hicho hicho. Usinifundishe namna ya kukiogopa."

Kichwa alikishika yeye mwenyewe, kwa mikono yake miwili, na alikishika kwa sababu ya Viktor. Angemlaumu nani? Lakini wazo moja lilikuwa limemwingia na halikutoka: upande waliouona mgonjwa ndio mzima, na ule waliouona umetulia ndio umekufa. Kama ni hivyo, siku ya saba wembe utakwenda kwenye upande pekee wa mtoto ulio hai.

Siku ya tano jicho lilikuwa jekundu. Moshi wa kufukuzia mbu uliingia humo na mtoto hakuweza kuufungia mlango. Brigita alikamua maziwa yake mwenyewe akalidondoshea, tone kwa tone, kisha akaishusha kope kwa ncha ya kidole na kuishikilia mpaka mkono ukafa ganzi. Akiondoa kidole, kope ilipanda polepole, ikasimama pale pale. Siku ya sita asubuhi, mwanga ulipoingia dunguni kwa ubavu, aliona juu ya mboni ukungu mdogo, kama wa kioo kilichopuliziwa pumzi. Akapangusa kwa maziwa. Haukutoka.

Hapo ndipo aliposikia pondo la Hermenegildi likigonga ubavu wa mtumbwi.

Hermenegildi alikuwa akipita madunguni kila baada ya siku mbili kukusanya samaki wa kupeleka Ifakara, na kila dungu alilopita aliacha maneno mengi kuliko samaki aliochukua. Alipoona Brigita anashuka ngazi na mtoto kifuani na kitenge kimefungwa cha safari, alinyanyua pondo.

"Leo nimepewa samaki mwenye miguu," alisema.

"Nipeleke hospitali."

Juu, Theodosia alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama Viktor. Unakwenda wapi na mtoto wa watu?"

"Hospitali, Mama."

"Mume wako anajua?"

"Mume wangu yuko kambini, siku mbili kwa mtumbwi. Jicho halitamngoja."

"Kesho ni siku ya saba. Ukikata dawa katikati, ukamfungulia degedege njia, likimchukua kama lilivyomchukua kaka yake, utamwambia nini Fulgensi?"

Maneno hayo yalimchoma Brigita pale pale yalipolengwa. Mguu wake mmoja ulikuwa mtumbwini, mwingine kwenye ngazi, na maji yalikuwa yanaupeleka mtumbwi huku na huku. Alimtazama mtoto. Scolastica alikuwa amelala, na lile jicho moja, jekundu, lilikuwa linaangalia jua.

"Nitamwambia niliona," alisema, akaingia.

"Jamani," alisema Hermenegildi, "gombaneni kwenye nchi kavu. Viboko wa huku hawajui nani mkwe, nani mama mkwe."

Theodosia aliingia ndani. Walidhani amesusa. Akatoka na khanga ya pili begani, akashuka ngazi kwa magoti yake mabovu, hatua moja moja, akaketi mkabala na Brigita bila kumtazama. Kwenye pindo la khanga lililofungwa fundo kulikuwa na kifurushi cha dawa na wembe.

"Mjukuu wangu habebwi kama kambale nikiwa hai," alisema. "Lakini sikia. Wazungu wakishindwa, kesho nitamalizia kushoto, hata kama ni kwenye ngazi za hospitali."

Walivuka mafuriko asubuhi nzima. Brigita alilikinga jua kwa mgongo ili kivuli kimwangukie mtoto, kidole chake juu ya kope, na kila mara alikamua maziwa. Hermenegildi, ambaye hakujua kunyamaza, alianza habari za mamba mmoja, akaiacha katikati, akapiga pondo kwa kasi zaidi. Kutoka kivukoni walitembea kwa miguu mpaka mjini. Theodosia alikuwa nyuma hatua kumi, na Brigita kila alipogeuka alimwona ameshika lile fundo.

Kwenye baraza ya hospitali ya misheni palikuwa na mabenchi na watu wengi. Dresa, msaidizi wa daktari aliyekuwa akipokea wagonjwa, aliitwa Eustaki, kijana wa Ifakara mwenye koti jeupe lililopauka. Alimsalimu mzee kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Alipofunua uso wa mtoto, hakumaliza kuuliza jina. Aliwapitisha mbele ya watu wote. Mtu mmoja kwenye foleni alinung'unika, na Eustaki akamwambia, "Jipu lako lina wiki mbili, mzee wangu, halitatoroka."

Ndani walikuwa Sista Klementina, Mswisi mnene mwenye mikono mikavu, na daktari, Mzungu mrefu aliyesema Kiswahili cha kuokoteza. Daktari aliangalia jicho kwa kioo na tochi. Akageuza kichwa cha mtoto, akaona chale. Akauliza kitu kwa lugha yao. Eustaki akakitafsiri.

"Nani alikata?"

Theodosia alikuwa akitazama ukuta.

"Sisi," alisema Brigita.

"Nani?"

"Sisi."

"Mimi nilishika wembe," alisema Theodosia, bado anatazama ukuta. "Yeye alishika kichwa. Andika hivyo kama unaandika."

Eustaki hakuandika. Alimwambia kila mmoja aguse nyuma ya sikio lake mwenyewe. "Mnasikia nundu ya mfupa hapo? Chini yake ndimo unamopita mshipa wa fahamu wa uso. Sisi watu wazima umefunikwa na hiyo nundu. Kichanga hana. Nundu bado haijaota. Mshipa uko hapo chini ya ngozi tu, kama mzizi ulioachwa wazi na maji."

Brigita aligusa nyuma ya sikio la Scolastica. Palikuwa laini.

"Ponsiano," alisema Theodosia ghafla, "ndugu ya marehemu mume wangu. Alikatwa panga hapa, mdomo ukaenda upande, jicho likawa halifumbi. Ulipita mwaka. Uso ukarudi, akaoa mke wa pili. Na wa huyu utarudi hivyo hivyo."

Eustaki alimtafsiria daktari. Daktari alitikisa kichwa, akasema maneno mengi, taratibu, na Eustaki alisikiliza mpaka mwisho kabla ya kufungua kinywa.

"Bibi, mpunga ukishavunwa, mabua yanayobaki hufanya nini?"

"Yakipata maji yanachipua."

"Na mche wenye majani mawili, panya akiukata?"

Brigita ndiye aliyejibu. "Unakufa na mzizi wake."

"Ndiyo hivyo. Mshipa huu haubebi damu, unabeba amri. Unatoka kwenye ubongo mpaka usoni. Kule ubongoni kuna chembe zake, ndogo kuliko vumbi, nazo ndizo zinazoliambia jicho fumba, na mdomo cheka. Ponsiano alikuwa mtu mzima. Uzi wa mshipa wake ulikatika, chembe zake zikaugua, zikapona, zikasukuma uzi mpya. Mtoto wa siku tisa ubongo wake bado unajengwa. Chembe zile zinaishi kwa kushikana na huo uzi. Uzi ukikatika, zenyewe zinakufa. Nyingi, na kwa siku chache tu. Zikifa haziji nyingine."

Nje mtu alikohoa.

"Zimekufa ngapi?" aliuliza Brigita.

Daktari aliyaelewa maneno hayo bila kutafsiriwa. Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Mimi sijui, mama," alisema. "Hakuna mtu anaweza kuhesabu. Siku sita. Nyingi."

"Tuseme ukweli," aliongeza Eustaki. "Uso wa kulia huenda usirudi, au urudi kidogo. Hakuna dawa ya hilo, hapa wala Ulaya. Lakini kuonea kuna mshipa wake mwingine, nao haujaguswa. Jicho hili bado linaona. Kinacholiua ni ukavu. Tayari lina kidonda. Likiachwa litatoboka, nalo likitoboka basi. Daktari anataka kuzishona kope, jicho likae gizani lipone. Wiki nne." Akamgeukia Theodosia, akashusha sauti. "Na bibi, nimeona fundo lako. Ukikata kushoto, utaua na za kushoto. Atakuwa na macho mawili yasiyofumba."

Theodosia alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Wembe wangu ni mbaya, sindano yenu ni nzuri. Mimi natoboa ngozi, nyinyi mnatoboa jicho, na mwenye akili ni nyinyi."

Daktari alikuwa tayari ameanza kunawa, lakini Sista Klementina alimzuia kwa mkono. Alikuwa amekaa bondeni miaka mingi. Alijua mtoto wa ukoo haguswi kwa neno la mama yake peke yake, baba akiwa mbali na bibi akiwa papo hapo anakataa. Wakishona leo, kesho nyuzi zitafumuliwa huko dunguni. "Mzee akubali," alisema. "Bila mzee, hapana."

Wote wakamtazama Theodosia. Naye akamtazama Brigita, kama mtu anayengoja kulaumiwa ili apate kukasirika vizuri.

Brigita hakumlaumu. Alisimama, akamweka mtoto mapajani mwa mama mkwe wake.

"Mama," alisema, "mfumbe jicho."

"Nini?"

"Mfumbe tu. Kwa kidole chako."

Theodosia alisita. Tangu siku ya wembe alikuwa amemtazama mtoto mara nyingi, ila hakuwa amemgusa usoni. Aliinua kidole chake kigumu kilichokwaruzwa na magugu ya mpunga, akaishusha kope. Jicho likafumba. Akaondoa kidole. Kope ikapanda, polepole, ikakwama nusu ya njia, na weupe ukatokea.

Akaishusha tena. Ikapanda tena.

Mara ya tatu akaishikilia kwa muda mrefu, kana kwamba anaibembeleza. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Akaachia. Ikapanda.

"Wanangu wanne niliwafumba macho mwenyewe," alisema, bila kumwambia mtu yeyote. "Na Viktor. Wote yalifumba mara moja." Akaangalia lile jicho jekundu lililokuwa likimwangalia, lina ukungu, lina uhai. "Huyu anapumua, na halikubali."

Akamrudishia Brigita mtoto.

"Shoneni," alisema.

Brigita alikishika kichwa tena. Sista alimwambia atoke, atamfunga mtoto kwa shuka, lakini yeye akasema atashika, na safari hii hakitajirusha. Walitia dawa ya ganzi. Sindano ilikuwa imepinda kama ndoana ndogo. Alihesabu kila ilipoingia na kila ilipotoka, na Scolastica alilia kwa ule upande wake mmoja mpaka sauti ikakauka. Kichwa hakikusogea hata unene wa punje. Walipomaliza, Brigita alishindwa kuvifungua vidole vyake, Sista akamfungulia kimoja kimoja.

Wiki nne zilikuwa ndefu. Walikaa kwenye banda la jamaa za wagonjwa, wakapika kwa zamu na wengine. Kila asubuhi Sista alipaka dawa ya mafuta kwenye mshono. Kila asubuhi Brigita aliuliza swali lile lile, na jibu lilikuwa lile lile: kidonda kilikuwa karibu na katikati ya mboni, kinaweza kupona kikawa safi, kinaweza kupona kikaacha utando mweupe kama ganda la yai. Mpaka wafungue. Kuna siku alitamani wafungue hata leo, na kuna siku alitamani wasifungue kamwe.

Fulgensi alifika wiki ya pili, ananuka samaki na moshi. Alisimama akamwangalia mtoto.

"Nani kamshona binti yangu kama gunia?"

"Mimi nilisema ashonwe," alijibu mama yake, kabla ya Brigita kufungua mdomo. "Kama una neno, nipe mimi."

Fulgensi aliketi kwenye jamvi, akamchukua mtoto, akaanza kumpepea nzi kwa kofia yake, akawa anampepea mpaka walipomwambia hakuna nzi.

Siku nyingine Theodosia alimwambia Brigita, wakichambua mchele, "Nyuma ya sikio sikati tena. Nitakata kifuani. Kifuani kuna mfupa tangu tumboni, nimegusa." Brigita aliendelea kuchambua. Kuhusu lile la kifuani wangegombana baadaye.

Siku ya kufungua ilikuwa Jumatatu. Daktari alikata nyuzi kwa mkasi mdogo, akaacha zile za pembeni zibaki, ili jicho lisiwe wazi sana tena. Alilisafisha kwa maji ya chumvi. Brigita aliinama mpaka Sista akamgusa bega arudi nyuma. Wekundu ulikuwa umekwisha. Juu ya mboni, upande wa chini, palikuwa na doa jeupe.

"Linaona?" aliuliza.

"Tutajua sasa," alisema Eustaki.

Daktari aliziba jicho la kushoto kwa kiganja. Akapitisha tochi mbele ya lile la kulia, kutoka huku kwenda kule. Jicho lilibaki limetazama dari. Akapitisha tena. Sista akaleta kijiko kinachong'aa, akakitikisa. Halikukifuata. Daktari alimwambia Eustaki neno moja, na Eustaki hakulitafsiri.

Brigita alishika ukingo wa meza.

"Mtoto hapendi vijiko," alisema Theodosia. "Mnipishe."

Akainama juu ya meza, uso wake wenye makunyanzi karibu na uso wa mtoto, karibu kiasi kwamba pumzi zao zilikutana. Alingoja. Jicho lile lenye doa lilitangatanga, likapita kwenye khanga yake, likapita kwenye shavu lake, likasimama.

Theodosia akasogeza kichwa chake kushoto.

Jicho likaja.

Akakisogeza kulia, polepole sana, kama mtu aliyebeba maji kichwani. Jicho likaja nalo, likachelewa kidogo, likafika.

Daktari aliondoa kiganja. Scolastica akamwona bibi yake kwa macho mawili, na pembe ya kushoto ya mdomo wake ikapanda. Ya kulia ilibaki pale pale ilipokuwa. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza.

"Nusu," alisema Theodosia. Machozi yalikuwa yanamshuka, yanadondokea kwenye shuka ya hospitali.

"Anatuona, Mama," alisema Brigita.

Theodosia aliendelea kusogeza kichwa chake huku na huku, huku na huku, na jicho likimfuata, hata Sista Klementina alipomwambia kwamba inatosha, wagonjwa wengine wanangoja.